Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Baharini, Anza na Masikio Yao

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha fizikia hapa Tanga, nilisimama mbele ya kidato cha pili nikaandika ubaoni kanuni ya kanieneo katika vimiminika, yaani namna maji yanavyokandamiza kila kilicho ndani yake. Nikafanya hesabu mbili za mfano, nikageuka kuuliza kama wameelewa. Wakaitikia "ndiyo mwalimu" kwa ile sauti ya pamoja ambayo kila mwalimu anaijua, na anajua pia maana yake. Kisha kijana mmoja wa benchi la nyuma, mtoto wa Sahare, akanyosha mkono.

"Mwalimu, baba akitoka kuzamia majongoo bahari, usiku magoti yanamuuma mpaka analia. Hiyo nayo imo humo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu kesho, na hiyo kesho ilinichukua miezi. Nilisoma, nikawauliza wazamiaji, nikamsumbua daktari mmoja ninayefahamiana naye, mpaka nikaelewa kwamba ndiyo, ilikuwa imo humo. Maumivu ya yule mzee yalikuwa ndani ya mstari uleule niliokuwa nimeuandika kwa chaki, nami nilikuwa ninaufundisha mwaka wa pili bila kujua kwamba unamhusu mtu.

Tangu hapo ninafundisha sayansi ya chini ya maji kwa namna nyingine. Ninaandika haya kwa ajili yako, mwalimu mwenzangu wa Tanga, Pangani, Mkinga, au popote penye watoto wanaoamka na harufu ya bahari. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usianzie kwenye bahari, anzia kwenye mwili wa mtoto. Sikio lake, pumzi yake, mguu wake, sahani yake. Bahari itakuja yenyewe.

Neno presha

Ukitamka "presha" darasani, mtoto wa Ngamiani hafikirii maji. Anamfikiria bibi yake anayekwenda kliniki kila mwezi na kuambiwa apunguze chumvi. Kwa muda nililipiga vita neno hilo, nikisisitiza kanieneo, kanieneo. Siku hizi ninaanza nalo.

Ninawauliza: bibi akiambiwa presha yake ni 120 kwa 80, hizo 120 ni za nini? Mara nyingi hakuna anayejua, ingawa wote wamewahi kuisikia namba hiyo. Ni milimita za zebaki. Damu ya bibi inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu inayoweza kuinua zebaki milimita 120, juu ya ile nguvu ya hewa inayotukandamiza sisi sote hapa juu. Sasa shuka mita 10 chini ya bahari. Maji peke yake yanaongeza takribani milimita 760. Shuka mita 20, yanaongeza mara mbili ya hizo.

Hapo darasa hushtuka, na swali huja lenyewe bila kulivuta: "Sasa mwalimu, mbona wazamiaji hawapasuki?"

Likifika swali hilo, usilijibu haraka. Waache wabishane. Jibu lake ndilo ufunguo wa yote yanayofuata, na ni vizuri walitafute kwa njaa. Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji, na maji hayakubali kubanwa. Nyama, damu na mifupa vinasukumwa kutoka pande zote kwa nguvu moja, basi havidhuriki. Hatari ipo pale penye hewa tu: ndani ya sikio, kwenye matundu ya mifupa ya uso, kwenye mapafu. Mwanafunzi akishika hili, nusu ya tiba ya wazamiaji ameishika.

Nina jambo la kusema hapa kuhusu lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, sawa. Lakini mtoto aliyekua akisikia maji kupwa, maji kujaa, bamvua, maji mafu, mkondo, mwamba, mlango, ana maarifa ya bahari ambayo yote yamehifadhiwa kwa Kiswahili. Ukimlazimisha kuyaacha mlangoni, utakuwa umemvua nguo nzima ili umvalishe kiraka. Mimi huwaacha waeleze kwanza kwa lugha yao, ndipo tunahamisha. Ninaliamini hili kwa moyo wote na sijuti kulifanya.

Chewa wa Deep Sea na bomba la sindano

Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, boti zikiingia. Mwombe mvuvi wa mshipi akuonyeshe chewa aliyevuliwa maji marefu. Mtazame mdomoni. Mara nyingi utaona kitu cha rangi ya waridi kimejaa mdomo mzima, kama puto la nyama, na macho yamemtoka. Wanafunzi wangu walidhani amekufa na chambo kooni, au amemeza pweza. Kile ni tumbo lake mwenyewe. Chewa ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea pale alipo. Akivutwa ghafla kutoka mita 30, ambako kanieneo ni mara nne ya hapa juu, hewa ile inapanuka mara nne na haina pa kwenda, basi inalisukuma tumbo nje kupitia mdomoni.

Samaki huyo mmoja amenifundishia zaidi ya kitabu. Mvuvi mmoja mtu mzima alipotuona tumemzunguka chewa wake, aliuliza tunatafuta nini, na tulipomweleza akasema, "Miaka yote nalijua hili, sikujua kama lina sababu." Tukamshukuru, tukamnunua yule chewa.

Ukiwa Tanga usiache pia kumtaja samaki aitwaye silikanti. Dunia ilidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu wavuvi walianza kumpata kwenye majarife kuanzia 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwenye pwani yetu hii. Watoto wanalijua jina, lakini wengi wanafikiri thamani yake ni uzee tu. Waambie kwamba kile kiungo ambacho kwa chewa kimejaa hewa, kwa silikanti kimejaa mafuta. Halafu wanyamazie. Kuna atakayesema, "Basi yeye tumbo halimtoki mdomoni." Siku mwanafunzi wangu wa kwanza aliposema hivyo, nilisikia furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Darasani unahitaji vitu viwili. Bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, kutoka duka la dawa, na puto dogo. Jaza puto hewa kidogo, lifunge, liingize kwenye bomba, rudisha kisukumio chake, ziba tundu kwa kidole gumba. Ukisukuma, puto linanywea. Ukivuta, linavimba. Lipitishe mkono kwa mkono. Darasa langu lina wanafunzi 70 na zaidi, na bomba tano zimetosha kwa kipindi kimoja. Robert Boyle aliiandika kanuni hiyo mwaka 1662. Wao wanaiona ndani ya viganja vyao.

Kisha rudi kwenye sikio. Waulize nani ana baba, mjomba au kaka anayezamia na hasikii vizuri. Mikono itakayonyoshwa itakuumiza. Kuna imani katika vijiji vyetu kwamba mzamiaji hajakomaa mpaka sikio lipasuke. Likishatoka damu, wanasema, ndiyo limefunguka. Usiicheke imani hiyo. Ina chanzo cha kweli, maana ngoma ya sikio ikitoboka maumivu ya kushuka hupungua. Lakini maji baridi yakipenya hadi ndani huleta kizunguzungu kikali, na mtu hawezi tena kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Wafundishe kusawazisha: kubana pua na kupuliza taratibu, mapema, kabla sikio halijauma, na kurudia kila baada ya muda mfupi kadiri unavyoshuka. Maumivu huanza hata kwenye mita 2. Likikataa kufunguka, panda juu kidogo ujaribu tena, usilazimishe. Mwenye mafua asizamie siku hiyo. Haya ni maneno machache sana, na yanaweza kuokoa masikio ya mtaa mzima.

Soda, mbuzi na goti la mzee

Sasa ndipo lile swali la Sahare.

Ninanunua soda mbili. Ya kwanza ninaitikisa na kuifungua ghafla, inafoka hadi mezani. Ya pili ninaifungua kidogokidogo, nikiiachia ipumue kila mara, na haifoki. Gesi iliyoyeyuka kwa kubanwa, ukiondoa mbano ghafla hutoka kwa mapovu. Ukiuondoa taratibu hutoka kimyakimya. Mzamiaji anayepumua hewa ya mtungi au ya kompresa, ile mashine inayomsukumia hewa kwa mpira, akiwa chini anameza naitrojeni nyingi kuliko kawaida, nayo inayeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Akipanda haraka, inafanya kama soda ya kwanza. Mapovu yakikaa kwenye viungo, ni maumivu ya magoti na mabega. Yakiingia uti wa mgongo, ni miguu kufa ganzi, mkojo kuziba, kupooza.

Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba naitrojeni ndiyo chanzo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1908, John Scott Haldane wa Uingereza alitoa majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo, baada ya majaribio aliyoyafanya kwa mbuzi. Aliwaweka kwenye chumba cha kanieneo kubwa kisha akawatoa kwa mwendo tofauti. Mbuzi aliyepatwa alijulikana kwa kuinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Nilipowasimulia hivyo, yule kijana wa nyuma aliinama akashika goti lake mwenyewe kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka kengele ikalia.

Nyumbani kwao walikuwa wanasema ni jini wa baharini. Walikwishachinja, walikwishafukiza. Ukikutana na hali hiyo, mwalimu, usisimame darasani kumwambia mtoto kwamba wazazi wake ni wajinga. Atakuchagua wewe au atawachagua wao, na vyovyote atakavyochagua, mmeshapoteza. Mimi nilimwambia hivi: "Dua muombeeni baba, na hospitali mpelekeni, na mkifika semeni wazi kwamba alikuwa anazamia kwa mtungi, alishuka kina gani, mara ngapi kwa siku, na alipanda vipi." Maelezo hayo ni muhimu sana. Mgonjwa anayefika na kusema tu kwamba magoti yanauma hupewa dawa ya maumivu akarudishwa, na hayo yalimpata mzee huyo zaidi ya mara moja. Dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi baada ya kutoka majini, ndiyo maana watu hawaziunganishi na kazi. Huduma ya kwanza ni kumlaza, kumpa oksijeni safi kama ipo, na kumwahisha. Tiba yenyewe ni chumba maalumu kinachorudisha kanieneo kisha kuipunguza polepole. Na asirudishwe majini "kujitibu".

Kosa langu

Hili ningetamani nisiwe na la kusimulia.

Kuna jaribio zuri la beseni. Mwanafunzi anahesabu mapigo ya moyo akiwa amekaa, kisha anabana pumzi na kutumbukiza uso kwenye beseni la maji yenye barafu, mwenzake akihesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Moyo unapunguza mwendo wenyewe. Msichana mmoja alitoka 84 hadi 61. Ni urithi tulio nao pamoja na nguva, pomboo na nyangumi: uso ukigusa maji baridi, mwili unaanza kubana matumizi ya oksijeni, na bandama inajikamua kuongeza chembe nyekundu kwenye damu. Kuna jamii ya wazamiaji wa Indonesia, Wabajau, ambao utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwakuta na bandama kubwa kuliko za majirani zao kwa karibu nusu. Darasa lilichangamka ajabu. Kengele ikalia, tukaagana, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika.

Jumamosi yake vijana wanne wa darasa lile walikwenda Raskazone kushindana kukaa chini. Mmoja alikuwa amesikia mahali kwamba ukipumua harakaharaka mara ishirini kabla ya kuzama unakaa zaidi. Akafanya hivyo. Akazama, akakaa kweli, hakutoka. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza ngalawa aliona wenzake wanacheka huku wanaangalia maji, naye hakupenda anachokiona. Alijitosa na nguo zake. Kijana alitapika maji, akapumua, na leo ni mzima. Mama yake alinipigia simu magharibi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, wanasema mlikuwa mnafanya shuleni." Sikulala.

Nilikuwa nimewapa nusu ya somo, ile tamu. Nusu nyingine ni hii: kinachokulazimisha kuvuta pumzi si kupungua kwa oksijeni, ni kujaa kwa hewa ya ukaa. Ukipumua harakaharaka kabla ya kuzama, huongezi oksijeni ya maana, unaifukuza hewa ya ukaa. Unakuwa umekata kengele ya hatari. Oksijeni inaisha, mwili hauombi hewa, mtu anazimika bila kuhisi shida yoyote, hata akiwa na tabasamu usoni. Mara nyingi hutokea wakati wa kupanda, karibu na uso wa maji, kwa sababu kanieneo inaposhuka oksijeni iliyobaki mapafuni nayo inakosa nguvu ya kuingia kwenye damu.

Kwa hiyo ninakuomba, ukifanya jaribio la beseni, mfundishe mtoto kuhusu hewa ya ukaa ndani ya kipindi hichohicho, kabla ya beseni, hata kama muda utaisha na beseni lisifanyike. Na wape sheria mbili za kuandika daftarini: hakuna kupumua harakaharaka kabla ya kuzama, na hakuna kuzama wawili kwa pamoja, mmoja chini, mmoja juu anaangalia, na anayeangalia haangalii simu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani. Sitaki hata mmoja aongezwe na darasa langu.

Sahani na mguu

Somo la sumu lifundishe bila kuremba. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na makumi wakalazwa. Pemba si mbali. Wanafunzi wangu kadhaa wana ndugu huko. Jambo la kuwaeleza ni kwamba sumu ya kasa, kama ile ya bunju, samaki anayejivimbisha, haiishi kwa kuchemsha, wala kwa ndimu, wala kwa kukausha. Nyama haibadiliki rangi wala harufu. Kasa yuleyule aliyeliwa mwaka jana bila madhara hakuhakikishii wa leo. Watoto ndio hufa kwanza, na anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mama. Kuvua kasa ni kosa kisheria pia, lakini nimeona sheria peke yake haiwazuii watu. Picha ya mtoto inawazuia.

Mguu una habari njema zaidi. Sumu ya mwiba wa samaki aitwaye taa, na ya yule samaki mwenye miiba mgongoni anayelala kama jiwe kwenye mwamba, ni protini, na protini huharibiwa na joto kama ute wa yai. Mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua, kama nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na anayepima maji awe ni mtu mwingine au mguu mzima, kwa sababu mguu uliochomwa haupimi tena joto sawasawa. Kisha hospitali, kwa ajili ya kipande cha mwiba kilichobaki na kinga ya pepopunda. Msichana wa kidato cha tatu kutoka Kigombe alirudi Jumatatu moja akaniambia mjomba wake alikanyaga taa alfajiri. Watu walikuwa wanamfunga kamba mguuni na kumpaka mafuta ya taa. Yeye akabandika maji ya chai jikoni, akayapoza kwa kiganja chake, akamwambia, "Mjomba, weka mguu hapa." Jua halijapanda sana, mjomba akawa amelala usingizi.

Kuhusu uvuvi wa baruti, ambao uliiharibia Tanga jina na matumbawe, mimi sihubiri. Nina watoto darasani ambao ndugu zao wamewahi kuutumia. Ninarudi kwenye sentensi yetu ileile: hatari ipo penye hewa. Wimbi la mlipuko linasafiri majini, ambako hata sauti huenda takribani mita 1,500 kwa sekunde, na likifika linapasua kibofu cha samaki, na likimkuta mtu aliyezama linafanya hivyohivyo kwenye mapafu, matumbo na masikio. Kuna aliyeniuliza, kwa sauti ya chini baada ya kipindi, umbali gani ni salama. Nilimjibu kwamba siwezi kumpa namba, na kwamba nisingependa yeye awe mmoja wa kuitafuta.

Dawa zinazotoka huko

Usiwaache watoto na hofu tu. Waonyeshe kwamba bahari inaponya, na kwamba iliyoponya ni kama hii yetu.

Ninachukua ganda la konokono wa umbo la koni, lile la madoadoa ambalo watalii hupenda kununua. Akiwa hai usimshike, maana ana mwiba kama chusa na aina mojawapo imeua watu. Lakini katika sumu ya jamaa yake, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Utah katika maabara ya Baldomero Olivera, mzaliwa wa Ufilipino, walipata kiini cha dawa ya maumivu makali iitwayo zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa wagonjwa ambao hata mofini haiwasaidii. Kemikali kutoka sifongo wa Karibiani ndizo zilizowapa watu njia ya kutengeneza sitarabini, iliyoidhinishwa mwaka 1969 na inayotumika mpaka leo kutibu saratani ya damu. Ukiwaambia hivi, tazama watakavyoliangalia lile ganda mara ya pili.

Ninachopenda zaidi ni mwani, kwa sababu mama zao wanaulima. Wengi wanajua unauzwa, hawajui unakokwenda. Ninawaeleza kwamba mwani mwekundu una utomvu mzito, na kwamba mwaka 1881 mwanamke aitwaye Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe kwenye kazi ya maabara, alipendekeza agari, unga wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula, badala ya jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwa joto. Mumewe alikuwa kwenye maabara ya Robert Koch, mtafiti wa vimelea wa Ujerumani. Tangu wakati huo vimelea vya magonjwa huoteshwa juu ya agari duniani kote. Mwani wa mama zao ni ndugu wa ule. Wenyewe hutoa karagini, inayofanya dawa ya meno isichuruzike. Na hapohapo ninauliza afya ya mkulima: mgongo wa mama baada ya kuinama wakati wote wa kupwa, macho yanayopigwa na mwanga wa jua juu ya maji, nyayo zenye majeraha. Mwaka mmoja wasichana waliandika orodha, wakaipeleka nyumbani, wakaanza kununua viatu vya plastiki.

Safari za ufukweni zina ushauri mfupi. Nenda siku za bamvua, uulize wazee saa ya kupwa badala ya kukisia, na uanze kurudi kabla maji hayajageuka, maana siku hizo tofauti ya kupwa na kujaa kwetu hupita mita 3. Viatu kwa kila mtoto. Barua kwa wazazi. Wasichana wasiachwe mchangani kushika mabegi. Wavae nguo za heshima zinazoruhusu kuingia majini, na awepo mwalimu wa kike anayejua kuogelea.

Na mlete mzamiaji darasani. Hili lilinichelewa. Mwaka wa tatu baada ya lile swali, yule baba wa Sahare alikubali kuja. Alipanda ngazi kwa mkongojo, mwanawe nyuma yake akiwa amebeba kiti. Wanafunzi wakasimama, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba wanangu," akakaa, akafuta jasho. Alisema alikuwa akipanda kama kizibo kwa sababu kompresa ilikuwa ya tajiri na mafuta ni ghali. Msichana mmoja akamuuliza, kwa adabu, angepanda vipi kama ingekuwa leo.

Mzee aliuweka mkono juu ya meza, kiganja chini. Akasema hapa ni mita 10, na juu ya kichwa changu ni hewa, nanyi hesabuni. Akaanza kuunyanyua. Walianza kuhesabu kwa sauti, kisha sauti ikapungua, maana mkono ulikuwa unakwenda polepole mno, ukipita kifua, ukipita kidevu, ukitetemeka kidogo. Mwanawe alikuwa amesimama ukutani akihesabu kwa midomo tu. Ulipofika juu ya kofia yake walikuwa wamefika sitini.